Jumamosi Bila Pasi

Shangazi yangu, watu walimwita Mama Pasi. Kwa miaka kumi na tisa ndiye aliyenyoosha majoho ya kwaya, thelathini na mawili kila Jumamosi, kwa pasi ya makaa, bila kudai hata asante. Ukimsifu alikujibu, "Mimi mtumishi tu," kisha akasubiri umsifu tena. Aliyempulizia makaa miaka yote hiyo ni wifi yake, yaani mama yangu. Huyo hakupewa jina.

Basi macho ya shangazi yakaanza kuchoka. Siku moja akaunguza joho la mwalimu wa kwaya, begani, alama kubwa. Akalikunja, alama ikaingia ndani, akanyamaza. Jumapili mwalimu alipolikunjua akamuuliza.

"Ni cheche hizo," shangazi akasema. "Wifi anapuliza ovyo."

"Mama, cheche gani ina umbo la pasi?"

Kisha mwalimu akasema kwa upole, "Pumzika sasa. Wifi yako atashika pasi."

Jumamosi iliyofuata, jamani, nyumba ilimkataa shangazi. Alifagia ua mara tatu. Aliosha vikombe safi. Alikaa, akainuka, akahamisha kiti, akakirudisha palepale. Kwetu, ambako mama alikuwa akipiga pasi, ni ukuta wa pili tu, na harufu ya nguo moto ilikuwa ikimfuata hadi jikoni.

"Mama yako ananyunyiza maji mno," akaniambia.

"Umeyaona wapi, shangazi?"

"Nasikia. Pasi inalia."

Akapiga magoti aombe. Nilimsikia akianza, "Bwana, mfundishe wifi yangu unyenyekevu..." Hapo akakwama. Vidole vikachezea pindo la khanga. Akainuka bila kusema amina, akatoka, nami nikamfuata hadi kwetu.

Mama alikuwa kwenye joho la tatu.

"Karibu, wifi. Umekuja kukagua?"

"Nimekuja kusaidia."

"Kusaidia au kusahihisha?"

Shangazi alisimama mlangoni kama mgeni. "Lile joho nililiunguza mimi. Nikakusingizia wewe."

"Najua. Liko pale, nimelitia kiraka." Mama hakuinua macho. "Ulidhani ningelia?"

"Nilidhani ungenifukuza."

"Ningekufukuza, nani angepuliza? Makaa yanazimika, na mimi nina mikono miwili tu."

Shangazi akatazama kigoda kifupi kando ya jiko, kile alichokalia mama miaka kumi na tisa. Akakikalia. Magoti yakalia. Akapuliza, moshi ukamwingia machoni.

"Usinimwagie majivu, wifi," mama akasema. Yalikuwa maneno ya shangazi mwenyewe, kila Jumamosi.

Shangazi akapuliza polepole zaidi.

Joho la nne mama aliliachia mkunjo kwenye mkono wa nguo, mrefu, hata mimi niliuona. Nilimwona shangazi naye akiuona. Kidole chake kikainuka, kikarudi. Akainamia jiko akapuliza kwa nguvu zote, makaa yakawaka mekundu.