Kiboksi cha Joanitha

Immakulata wa Rubya aliwahi kuua swila kwa jembe, kisha akaendelea kupalilia migomba yake. Lakini Jumapili ile aliogopa kuliko siku zote.

Bintiye Joanitha, anayesomea fizikia ng'ambo, alikuwa amepita nyumbani na kiboksi cha plastiki kisicho na hata doa. Alipokwenda misa, jirani yao mzee, Ta Byarugaba, akabisha hodi. Kwa desturi ya huko, mgeni lazima apewe kahawa ya kutafuna, na kikapu cha kahawa panya walikuwa wamekitoboa. Aibu gani hiyo! Immakulata akafungua kiboksi, akakuta kipande cheusi kinachong'aa, saizi ya ukucha. Akakiweka dirishani, akajaza kahawa. Mzee akatafuna, akasifu, akaaga.

Joanitha aliporudi, akakuta kahawa ndani ya kiboksi chake.

"Mama, kilichokuwa humu kiko wapi? Kimepigwa mwale wa ayoni kile!"

Mwale! Dada yake Immakulata alipigwa mionzi hospitalini, akanyonyoka nywele zote. Akatoka mbio bila viatu kumfuata Ta Byarugaba, akilia kwamba ameua mtu.

Joanitha alimkamata kanga njiani.

"Mama, hakuna sumu! Ule mwale ni chembe za umeme zinazorushwa kwa kasi. Zilitoboa vishimo tu, kwa mstari, kama wewe unavyochimba vya migomba. Nikifika maabara, kila kishimo kitaota waya mwembamba kuliko unywele, hapohapo ninapotaka. Masomo yangu yote yanategemea kipande hicho."

"Mungu wangu, asante!" Immakulata akacheka huku machozi yanamtoka. "Basi usihofu. Kiko dirishani, na nimekifuta vizuri kabisa kwa kanga."

Joanitha akaiachia kanga.

"Umekifuta? Na vile vishimo?"

"Kinang'aa kuliko mwanzo."

Binti akamtazama mama yake, miguu mitupu, matope mpaka magotini.

"Asante, mama," akasema. "Hakijaharibika."

Kesho yake Joanitha akapanda basi la alfajiri kwenda Bukoba kuwahi ndege. Immakulata alipokuwa akifagia, aliona kile kipande bado kiko dirishani. Akapiga simu haraka.

"Mwanangu, umekisahau! Umebeba nini kwenye kiboksi?"

"Kahawa yako, mama."

Immakulata akaketi chini, akaitazama kanga aliyokifutia. Hofu ya jana ikamrudia yote, na leo hapakuwa na mtu wa kumkimbilia.