Minazi ya Mama na Kifungu Kisichokufa

Hasira yangu haijapoa mpaka leo, wala sina haja ya kuipoza. Wakati wa Mwingereza, pale Kilwa Kivinje, mama yangu mjane alimkodisha tajiri mmoja shamba letu la minazi. Walipatana aangue nazi, basi. Vitovu vyetu sisi watoto vilizikwa chini ya minazi ile, kila mtoto na mnazi wake.

Mwisho wa mkataba palikuwa na kifungu: wakigombana, wataamuliwa na mtu atakayechaguliwa na tajiri, na neno lake ndilo la mwisho. Mama alisomewa, akakubali. Kwetu mume na mke wakikosana huitwa waamuzi wawili, mmoja wa upande huu na mmoja wa upande ule, naye akadhani ni mambo yale yale. Nani angemwambia sivyo? Aliyemsomea alikuwa karani wa tajiri.

Haukupita muda tukaona vibuyu vinaning'inia kwenye makole ya minazi, juu kwenye vikonyo vya maua. Tajiri alikuwa ameweka wagema, minazi yetu inatoa tembo la kulevya, na sisi Waislamu. Mama akamtangazia mbele ya mashahidi kwamba mkataba umevunjika, kisha mimi na mama tukaenda barazani kumshitaki kwa Bwana Shauri, Mwingereza aliyetawala wilaya na kuamua kesi.

Bwana Shauri hakuuliza habari ya tembo. Alieleza, mkalimani akafasiri, kwamba mkataba wa kawaida ukivunjwa, aliyeonewa huja mahakamani. Lakini mapatano ya kwenda kwa mwamuzi ni mkataba mwingine ndani ya mkataba. Ule wa nje ukifa, huu wa ndani hubaki hai, na madhali upo hai, mahakama haisikilizi kesi.

Mama akamgeukia mkalimani. "Mwambie nyumba imeungua. Muulize, huo mlango umebaki kumfungia nani?"

Mkalimani, mwoga yule, hakufasiri.

Basi tukarudishwa kwa mwamuzi aliyechaguliwa na tajiri, naye alikuwa mtu wa kula kwa tajiri kila siku. Hakuja kuitazama minazi, wala hakumwuliza mama hata neno moja. Aliamua kwamba tembo nalo ni zao la mnazi, hivyo tajiri aendelee mpaka muda wake uishe. Rufaa hakuna. Huo ndio ulioitwa usuluhishi.

Ramadhani ilipoingia, mama alikwenda kwa jirani kuomba nazi ya kupikia futari. Chini ya mnazi wangu walevi walikuwa wanaimba.