Njumu ya Mguu wa Kulia

Jana, kwenye nyumba ninayofanya usafi hapa mtaa wa Al Twar, huku kwa Waarabu, nilikuta njumu moja ya mtoto kabatini. Nyingine ilipotelea shuleni. Nikamuuliza madam niiweke wapi. Hakuinua macho kwenye simu. "Moja ya nini? Tupa, khalas, basi."

Nimezunguka sana, rafiki yangu: Dar, Mombasa, Muscat, sasa huku. Maneno hayo nimetembea nayo kote, maana niliwahi kuyasema mwenyewe nikiwa na miaka kumi, nyumbani kwa babu yangu, Morogoro.

Babu alisoma enzi za mkoloni, Wazungu na shule yao, Wahindi yao, sisi yetu. Mwaka mmoja timu ya shule yake ilimaliza msimu bila kufungwa, lakini kombe lilikuwa la wengine. Wao hawakuruhusiwa hata kuligombea. Mwalimu wao akabembeleza mpaka klabu ya Wazungu ikakubali mechi moja, kwa sharti kwamba hakuna atakayekanyaga nyasi zao peku. Walipata jozi sita kuukuu. Wakagawana, kila mtu njumu moja, mguu mwingine ukafungwa matambara. Babu alivaa ya kulia, na rafiki yake, winga wa kushoto, akavaa ya pili ya jozi hiyo hiyo. Wakashinda mbili kwa moja. Hakuna gazeti lililoandika, hakuna aliyepiga picha. Wale wawili wakatunza kila mtu njumu yake.

Ya babu ilikaa uvunguni. Kila Jumapili baada ya ibada aliipaka mafuta ya nyonyo, harufu yake ikachanganyika na ya maharage ya nazi ya bibi. Wajukuu tulimwita Mguu Mmoja. "Mmoja uliwatosha," alisema akicheka.

Krismasi ilipokaribia, bibi alinituma kutoa takataka za uvunguni. Nikaiona, imechakaa, imetoboka kidoleni. Moja ya nini, nikamwambia mdogo wangu. Nikaitupa shimoni pamoja na taka nyingine, nikawasha moto.

Baada ya wiki mbili alikuja mama mmoja kutoka Kilosa, binti wa yule rafiki. Baba yake alikuwa amefariki, na aliagiza njumu ya kushoto iletwe iungane na mwenzake. Babu aliipokea kwa mikono miwili, akaingia chumbani. Tulimsikia akiburuta kasha, akiburuta kitanda. Alipotoka alisema, "Nisamehe, mwanangu. Nimezeeka, sikumbuki nilipoiweka."

Nilikuwa nammiminia mgeni chai. Nikaendelea kumimina.

Aliitafuta mpaka alipokufa, darini, bandani, hata kwa majirani. Mara nyingi aliniita mimi, kwa kuwa macho yangu yalikuwa mazima. Nilipiga magoti, nikamulika uvunguni kwa tochi, nikasema, "Haipo, babu." Ilikuwa kweli kila mara.

Nyumba ile imeuzwa sasa, na wale wachezaji kumi na mmoja wote wamezikwa. Jana jioni, kwenye chumba tunachopanga mtaa wa Karama, dada mmoja wa Kenya aliiona njumu ya mtoto ikichungulia kwenye begi langu.

"Haiya, ni moja tu? Ile ingine iko wapi?"

"Niliichoma moto," nikasema.

Alicheka, akidhani namtania. Ndiyo mara ya kwanza nilitamka neno hilo, na aliyestahili kulisikia alikufa akijilaumu.