Mtu Mlangoni katika Kanda ya Kiirua

Miaka ya tisini nilifanya kazi katika duka la video mjini Meru. Tulipiga picha za harusi na mazishi, kisha tukazihamisha kutoka kanda ndogo ya kamera hadi kaseti kubwa ambayo watu wangeweza kuitazama nyumbani. Kazi yangu hasa ilikuwa hiyo ya kuhamisha. Nilikaa kati ya mashine mbili, moja ikicheza, nyingine ikinakili, na kila nakala ilitoka hafifu kuliko ile iliyoizaa. Nyuso ndizo zilizotangulia kufifia.

Asubuhi moja aliingia mama mmoja wa makamo, amevaa sweta ya kijani na gambuti zenye udongo wa kijijini Kiirua. Alitoa kaseti iliyofungwa ndani ya karatasi ya unga.

"Imekataa kucheza kwa mwalimu, jirani yangu," alisema. "Sauti inakoroma, na picha ni mvua tu."

Niliitia kwenye deki. Picha ilipanda juu, ikarudi chini, ikapanda tena, haina rangi. Katikati ya mistari niliona bega la mtu, likapotea.

"Imetoka wapi, mama?"

"Amerika. Ni kijana yangu." Aliikunja ile karatasi ya unga. "Alikufa. Ajali ya gari. Walimzika hukohuko. Hii aliitengeneza akiwa mzima, lakini yule aliyepewa ailete alichelewa."

Alikuwa hajauona uso wa mwanawe tangu alipoondoka nyumbani, miaka sita. Nilimweleza kwamba mashine za kule huandika picha kwa mtindo wao, na deki zetu haziwezi kuusoma.

"Kwani picha ina lugha?"

"Ni kama lugha, mama."

"Basi nitafutie mtu wa kutafsiri."

Nilimjua fundi mmoja wa redio kule Embu, mzee mpole aliyekuwa na deki na televisheni za kuchezesha kanda za aina zote mbili. Nilimwendea wiki iyo hiyo, nimebeba kaseti na kamera ya duka. Nyumba yake ilikuwa kando ya barabara ya kwenda Manyatta, migomba imeziba madirisha.

"Itaonekana," aliniambia, "lakini kuinakili kwa deki ya hapa, hapana. Picha itaharibika vilevile. Weka kamera yako mbele ya kioo cha televisheni, uipige picha kama unavyopiga harusi."

Tulifunga mapazia. Nilisimama nyuma ya kamera, fundi akabonyeza, na yule kijana akatokea, ana rangi zake zote, amesimama jikoni akimenya viazi.

Alizungumza Kimeru. Alimwambia mama yake kwamba siku hizi anajipikia, akamwonyesha sufuria aliyoiunguza. Aliuliza kama tangi la maji lilishazibwa. Mara kwa mara alisahau kwamba anapigwa picha, akawa anamenya tu, akipumua kwa mdomo kama mtoto. Mimi, ambaye sikumjua, nilijikuta nasubiri atakachosema. Kisha kengele ikalia.

"Ngoja, mama," alisema. "Kuna mtu mlangoni."

Akatoka. Kamera yake ikabaki ikitazama mlango wa jikoni na ukumbi wenye giza. Kwa mbali alisikika akicheka na mtu. Kanda ikaisha hapo.

Fundi alipoirudisha nyuma, mashine ilipiga kelele ya kukabwa. Alifungua kifuniko haraka. Utepe ulikuwa umejikunja kwenye magurudumu, umekatika vipande.

"Pole sana, kijana," alisema, akikusanya vile vipande. "Imekula."

Kwa hiyo nilirudi Meru na nakala yangu peke yake. Nilipokuwa naihamisha kwenye kaseti kubwa, nilifika pale mwisho, nikaisimamisha kanda. Ndani ya ule ukumbi wenye giza alisimama mtu. Shati jeupe, kichwa kimeinama kidogo, bila macho. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ni mimi. Kioo cha televisheni ya fundi kilikuwa kimeniakisi pale kilipopata weusi wa kutosha.

"Kata hapo," mwenye duka aliniambia. "Nani atajua?"

Lakini kicheko cha kijana kilikuwa hapohapo, na hakikuwa changu cha kukata. Niliiacha.

Niliipeleka Kiirua mwenyewe, pamoja na bahasha yenye vile vipande. Tuliketi kwa mwalimu, mama akiwa amevaa nguo za kanisani. Alitazama bila kulia. Viazi vilipomenywa alitikisa kichwa: "Anaondoa nyama yote na maganda." Kijana alipotoka, mama aliinuka, akakaribia televisheni.

"Huyo ni nani?"

Aligusa kioo kwa kidole.

"Ni baba yake," alisema polepole. Mumewe alikuwa amefariki zamani. "Alimjia. Kumbe hakwenda peke yake."

Mwalimu alinitazama, kisha akalitazama shati langu jeupe. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikunywa chai yangu.

Baada ya siku hiyo sikuweza kukaa mbele ya mashine zangu kwa amani. Bibi harusi akipita penye kivuli, namwona yule mtu nyuma yake. Nilitundika kitambaa cheusi nyuma ya kiti changu, nikaacha mashati meupe, na bado kila kioo kilichozimwa kilikuwa naye. Niliona nimeingia katika nyumba ya watu na kuketi kwenye kiti cha marehemu. Mvua ya kwanza ilipopita nilirudi Kiirua.

Nilimkuta mama shambani akichimba viazi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: kioo, mapazia, shati.

Aliegemea jembe lake. Mlima Kenya ulikuwa wazi siku hiyo, na aliutazama.

"Kwa hivyo alikwenda peke yake," alisema.

"Sijui, mama."

"Ungenyamaza."

Kulikuwa na jembe lingine kwenye ukingo. Nililichukua, nikaanza mstari wa pili, na tulichimba mpaka jua likawa utosini, yeye mbele, mimi nyuma. Hakunifukuza, wala hakunisemesha tena.

Mwaka uliofuata nilikutana na mwalimu sokoni Meru. Aliniambia mama bado huja kwake kila Jumapili baada ya ibada, na huitazama kanda hadi mwisho. Nilimuuliza husema nini anaponiona pale mlangoni.

"Huwa anakusalimia," mwalimu alisema. "Kwa jina la mumewe."