Treni Iliyoingia Kwenye Kaseti

Juzi nilikuwa Kabiro, kwenye kibanda cha kuuza kaseti. Redio ya kibanda ilikuwa ikipiga kaseti ya wimbo wa mapenzi, na katikati ya gitaa ikasikika honi ya treni. Jamaa mmoja aliyekuwa akipita alisimama ghafla, akaingia kibandani amenyoosha kidole.

"Hiyo treni ni yangu!"

"Treni ni ya serikali," muuzaji akamjibu bila kuinua macho.

"Hiyo nilirekodi mimi, kwangu Laini Saba kando ya reli, redio mbili zikiangaliana, moja ikipiga na nyingine ikirekodi, mlango wazi. Hapa Kabiro reli iko wapi? Umekopi kaseti yangu, wewe mwizi!"

Nikathubutu kuuliza kama mwimbaji mwenyewe aliwahi kuombwa ruhusa. Wote wawili wakanigeukia, wakanitazama kama mtu aliyejitia kwenye ugomvi wa mke na mume.

"Mwimbaji naye anaingia wapi hapa?" muuzaji akauliza, na yule jamaa akaitikia kwa kichwa.

Mama mmoja alikuwa akingoja kununua wimbo huo huo. Ili kumaliza kelele, muuzaji akamtolea kaseti halisi, ile ya kiwandani yenye picha ya mwimbaji, akaiweka kwenye redio. Mama akasikiliza kwa makini, ameinua kidole akingoja. Gitaa likapita, treni haikupita. Akafunga mkoba wake.

"Usinidanganye, bwana. Hii si yenyewe."

Ningemcheka, lakini hata kaseti yangu ya nyumbani ina treni.