Bao Lililokuwa Wazi

Vumbi likipashwa moto ndani ya chombo cha stima kilicholala miaka, hutoa harufu ya peke yake, kama karanga zinazoanza kuungua. Juzi niliwasha redio kuukuu ya mama, ikatoa harufu hiyo badala ya habari, nami nikajikuta nina miaka kumi, nimekaa mkekani mbele ya kompyuta, namsubiri Juma wa Msambweni atokee.

Juma hakuwa mtu. Alikuwa askari wa enzi za mapanga na ngome, mwenye kofia ya chuma na miguu mifupi, ndani ya mchezo wa kompyuta ambao hadi leo sijakutana na mwingine aliyeucheza. Jina tulimpa sisi, mimi na kaka yangu Suleimani. Kompyuta ililetwa kwetu Ukunda na Mjomba Rashidi, ndugu yake mama, mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya Diani. Mgeni wa Kijerumani aliyekaa miezi mingi alimwachia alipokuwa akirudi kwao, pamoja na kandambili na nusu chupa ya mafuta ya jua. Mchezo ulikuwamo ndani, wote kwa Kijerumani.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Suleimani alikuwa amemaliza darasa la nane, anasubiri kwenda shule ya bweni huko bara. Tuliahidiana kwamba kabla hajaondoka tutamtoa Juma nje ya kijiji chake. Juu ya ukuta wa kijiji hicho ulionekana mlima wenye moshi, na Suleimani aliapa kwamba huko kuna joka. Mimi sikuwa na haraka na joka. Nilikuwa mtoto wa ndani, wa kutumwa dukani na kurudi mbio, hata kaka akaniita Konokono.

Hatukufika mbali, na kosa, nakiri, lilianzia kwenye malezi. Siku moja mama alipita na sinia lake la mchele, akamwona Juma anaingia nyumba ya watu moja kwa moja. Akasimama. Akauliza kama amepiga hodi. Halafu akauliza kama yule mama wa mikate pale kisimani tumemwamkia. Kuanzia hapo kila tulipowasha kompyuta tulizunguka kijiji kizima, Juma akisimama mbele ya kila mtu mzima na mimi nikisema shikamoo kwa sauti, mama asikie. Stima ikipotea, tulianza upya. Suleimani alilalamika kwamba askari gani huyu, anamaliza siku nzima kwa maamkizi kama bwana harusi. Mimi nilifurahi kupita kiasi.

Penye ukuta palikuwa na bawabu, wala hatukuona pa kupitia. Kila tukimgusa alitoa maneno yale yale: Das Tor ist offen. Tuliyanakili kwenye karatasi, tukampelekea Mjomba, ambaye mama alijisifia mtaa mzima kwamba anakijua Kijerumani. Alikijua kweli, upande wa vyakula, hali ya hewa na mpira.

Akaishika karatasi mbali na macho. "Offen ni wazi, limeandikwa mlangoni kwa baa. Na Tor ni bao. Wageni wangu wakitazama mpira, ukiingia wavuni tu, wote husimama: Tor! Basi huyu bawabu anawaambia bao liko wazi."

Jirani yetu alikuwa na baraza la wacheza bao, kete zikilia kila alasiri. Kwa hiyo sisi tuliposikia bao hatukuona wavu, tuliona ubao wenye mashimo. Tukaanza kuutafuta. Wiki ya kwanza tukaupata: ubao wa mama wa mikate, wenye vitu vya mviringo safu mbili. Suleimani aliuliza bao gani la safu mbili wakati letu lina nne. Mjomba akafikiri kidogo, akasema Wazungu wamelipunguza.

Tuligusa mkate mmoja mmoja. Tukamwamkia yule mama mpaka nikahisi ametuchoka. Siku ikafika, Suleimani akabeba sanduku lake la bati, akaenda, na Juma akabaki kijijini. Nililia jikoni, nikasingizia vitunguu.

Juzi, baada ya ile redio, niliutafuta mchezo mtandaoni, nikaupata kwenye ukurasa wa michezo iliyosahaulika, na safari hii nilikuwa na kamusi. Tor ni bao, Mjomba hakukosea. Tor pia ni lango. Bawabu yule maskini alikuwa anatuambia miezi yote kwamba lango liko wazi, tupite.

Nikampigia Suleimani, ambaye alioa hukohuko bara na kila mwaka hunialika, nami kila mwaka hupata kisingizio.

"Kaka, lango lilikuwa wazi."

Akacheka kidogo. "Nilijua. Siku moja ulikuwa chuoni kusoma Kurani, Juma akateleza akapita. Nikazima kompyuta kabla haijahifadhi mchezo."

"Na zile siku zote tukigusa mikate?"

"Tungetoka, tungemaliza, Konokono. Mimi nilikuwa sitaki tumalize."

Miaka yote niliamini kwamba katika nyumba ile mwoga alikuwa mmoja, na nilimjua kwa jina. Kumbe yule mwenye kiu ya joka naye alikuwa amesimama na mimi mbele ya mikate, anahesabu siku kimyakimya.

Tukiwa bado kwenye simu nikampitisha Juma langoni. Suleimani akaniuliza kuna nini huko nje.

"Kijiji kingine," nikasema. "Na mama mwingine wa mikate."

"Umemwamkia?"

Nimemwamkia. Kisha nimeshusha begi la juu ya kabati, nimelipangusa vumbi, na nguo mbili zimeshaingia. Nikifika kwa kaka nitapiga hodi.