Kompyuta Yenye Kichwa cha Kuazima

Mtaa mzima unamwita Bi Usipepese, kwa sababu hilo ndilo neno lake la mwisho kabla hajabonyeza kamera. Alianza kazi enzi za filamu na chumba cha giza, na mpaka leo ukipita mbele ya studio yake atakukumbusha sare uliyovaa ulipoanza darasa la kwanza, na meno yaliyokuwa yameng'oka. Fahari yake ni moja: hajawahi kupoteza picha ya mtu.

Basi asubuhi moja kompyuta yake iliwaka, ikaonyesha mistari ya maandishi meupe kwenye kioo cheusi, ikagoma. Ndani yake mlikuwa na picha za harusi ya binti wa msusi wa nyumba ya pili, na bibi harusi alikuwa anakuja mchana kuchukua picha zake kabla hajasafiri na mumewe. Kadi ya kamera ilikuwa tupu. Bi Usipepese hufuta kadi mara tu anapohamishia picha kwenye kompyuta, kama wengine wasivyolala na vyombo vichafu.

Fundi wa jirani alikuja, akabonyeza hapa na pale, akasema dawa ni kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya. Bi Usipepese akamshukuru kwa adabu, akamfungulia mlango. Kisha akameza kiburi, akampigia wifi yake.

Wifi huyo, dada wa mumewe, anafundisha kompyuta chuoni, na hutembea na flashi imening'inia kwenye funguo. Siku zote Bi Usipepese humcheka kwamba amevaa hirizi.

"Leo umeikumbuka hirizi yangu?" akauliza mlangoni.

"Wifi, nitukane baadaye."

Wifi akaizima mashine, akachomeka flashi, akaiwasha huku akidonoa kitufe kimoja kama kuku. Akaeleza kwamba kilichougua ni mfumo, ule unaoiamsha kompyuta na kuiambia la kufanya. Kwenye flashi mlikuwa na mfumo mwingine mzima, na kompyuta ingeutumia huo bila kugusa kilichomo ndani.

Kioo kikawaka, lakini rangi ngeni, alama zote zimehama mahali pake. Bi Usipepese akashika kifua. "Hii si yangu. Umeshaifuta."

"Ni yako. Imeazima kichwa tu."

Wifi akafungua diski, akafungua folda. Bibi harusi akatokea, shela imepeperuka, kisha mama yake, kisha mjomba aliyepepesa macho licha ya kuonywa. Bi Usipepese akaketi. Alikuwa hajaketi tangu asubuhi. Akamcheka yule mjomba mpaka machozi yakamtoka.

Wakanakili picha zote kwenye diski ya nje. Walipoizima mashine na kuchomoa flashi, maandishi meupe yalirudi, lakini sasa hayakumtisha mtu. "Mwite yule fundi," akasema Bi Usipepese, "afute mpaka achoke."

Bibi harusi alipokuja kuuliza kama picha ziko tayari, alitazamwa kama aliyeuliza kama jua limechomoza. "Mwanangu, lini umesikia picha imepotea hapa?"

Kwenye kona, wifi akakohoa.

Bibi harusi alipoondoka na picha zake, Bi Usipepese alimkalisha wifi yake kwenye kiti cha wateja, akachukua kamera.

"Shika hirizi yako juu, watu waione. Usipepese."

Picha hiyo bado iko kwenye kadi. Hajaifuta.